Ukuta Uliotangulia

Mara ya kwanza Wuryani alidhani ni kosa la waya.

Alikuwa amesimama peke yake mbele ya ukuta aliokuwa akiujenga sebuleni, msasa bado mkononi, vumbi la mbao limemjaa nyweleni. Pua ikamwasha. Akainua mkono ajikune, na kule ukutani mkono wa umbo lake ulikuwa umeshafika puani. Haukupanda pamoja na wake, wala haukuchelewa kidogo nyuma yake kama alivyoutengeneza. Ulikuwa umefika kitambo, unamngoja.

Akazima umeme. Akakagua viungo vya waya kimoja kimoja, akapata kilicholegea, akakilehemu, akashusha pumzi. Fundi akishapata kosa moyo humtulia, hata kama kosa hilo silo.

Wuryani alikuwa fundi wa cherehani katika kiwanda cha mashati hapa Solo, mjini kwetu kisiwani Java, na huko ndiko alikojifunza kufanya vitu vidogo vingi visogee kwa pamoja. Alizikata mbao kuwa vibao vya ukubwa wa kiganja, akavipanga safu juu ya safu mpaka vikaufunika ukuta mzima. Nyuma ya kila kibao aliweka mota ndogo ya kuokoteza kwenye soko la vitu chakavu. Juu kabisa alifunga kamera iliyotoka kwenye simu kuukuu. Ukisimama mbele yake kamera inakuona, mota zinaamka, vibao vingine vinainua uso kupokea mwanga wa dirisha na vingine vinainama vikaingia giza, na ndani ya giza hilo unajiona mwenyewe, umbo lako zima limechorwa kwa mbao. Ukipunga mkono nalo linapunga, kwa mlio kama mvua inayoanza kudondoka juu ya mabati. Tak-tak-tak-tak.

Mtaa mzima ulimcheka. "Mbak Wur, dada yangu," muuza supu wa pale kona alimwambia, "kioo kinauzwa sokoni, tena hakili umeme." Mama yake, Suminah, alikuwa na yake. "Wenzako wanatengeneza watoto, wewe unatengeneza ukuta."

Ila Suminah alijua ukuta ule ni wa nani. Baba yake Wuryani, Hardjito, alikuwa mcheza ngoma wa jukwaani, mcheza nafasi za wapiganaji, mtu ambaye akikanyaga ubao ukumbi wote unanyamaza. Kisha kiharusi kikamchukua upande wa kushoto. Tangu hapo alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu, mkono umelala pajani kama kitu alichoachiwa na mtu akishike. Na ule ukumbi wake wa zamani ulipobomolewa ili pawe maegesho ya magari, Wuryani alikwenda na gari la kukodi akazinunua mbao za jukwaa. Zilikuwa za mtiki, nyeusi kwa jasho la nyayo. Alitaka baba yake aone mbao alizozichezea zikimchezea yeye. Hakuwa na nia nyingine.

Jumapili asubuhi akakisukuma kiti mpaka mbele ya ukuta.

"Haya Baba, inua mkono."

"Upi?" Hardjito akauliza kwa mdomo wake uliopinda. "Ninao mmoja."

"Huo huo mmoja."

"Na ule mwingine tuupeleke mnadani," Suminah akadakia kutoka jikoni, na mzee akacheka, kwa sababu hivyo ndivyo walivyozoeana.

Akainua mkono wa kulia. Ukutani vibao vikalia, umbo la mtu aliyeketi likainua mkono wa kulia. Kisha, taratibu, likafungua na wa kushoto. Likaufungua kama wachezaji wanavyoufungua, kiwiko kwanza, kiganja mwisho, kwa ule utaratibu ambao Hardjito alikuwa akiwachapia wanafunzi wake fimbo ndogo mpaka wauelewe.

"Wur," mzee akanong'ona. "Huyo si mimi."

Wuryani alikuwa amekwishanyoosha mkono kuelekea kwenye swichi alipouona mkono wa baba yake ukitikisika pale pajani. Ukageuka. Ukapanda, kiwiko kwanza, kiganja mwisho, ukasimama hewani mahali palepale ambapo ule wa ukutani ulikuwa umesimama ukiungoja.

Sahani ikapasuka jikoni. Suminah alifika mbio akiwa na mafuta mikononi, akamkumbatia mumewe na mkono wake ule ulioinuka, akalia kwa sauti ambayo majirani walidhani ni ya msiba. Jioni ile walipika wali wa manjano wakausimamisha kama mlima, watu wakaja, wakala, wakampongeza fundi. Muuza supu aliomba radhi mbele ya wote. Wuryani alicheka nao, na hakumwambia mtu kuhusu pua.

Aliyeligundua jambo lile alikuwa Mbah Rubiyah. Huyu alikuwa mkandaji, bibi mwembamba tuliyemwita Mbah kwa heshima, mwenye sigara za karafuu, aliyewakanda watu wote wa mtaa wetu, na wanawake wakifa yeye ndiye aliyewaosha. Mkono wa Hardjito aliukanda kila wiki tangu ulipokufa.

"Kazi yangu imekwisha humu," alisema akiingia. "Nimenyang'anywa riziki na mbao!" Akapaka mafuta, akaushika mkono, akaanza begani kushuka. Alipofika kwenye kiwiko akaacha kuzungumza. Alipofika kwenye kifundo akaacha na kukanda, akabaki ameushika tu, kichwa ameinamisha kama mtu anayesikiliza nyuma ya mlango.

Kisha akamvuta Wuryani jikoni.

"Nani yumo kwenye ule mkono?"

"Mbah, usinitishe."

"Sikutishi, nakuuliza. Mkono wa baba yako naujua kuliko nilivyomjua marehemu mume wangu. Ulikuwa umekufa, lakini ni wa moto. Ule wa leo unasogea na ni wa baridi. Wa kulia mapigo yake yanakwenda hivi." Akagonga meza kwa kidole, polepole. "Wa kushoto yanakwenda hivi." Akagonga tena, haraka, kwa mpangilio wa mpiga ngoma anayewaita wachezaji watoke. "Zima hicho kitu chako, mwanangu."

"Mbah, baba yangu ameinua mkono. Nimwambie nini? Kwamba nimeuzima?"

Mbah Rubiyah akatoka. Alisahau sigara zake mezani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kabla ya wiki kwisha mguu nao ukaamka, na Hardjito akasimama. Akatembea mpaka mlangoni. Akatembea mpaka msikitini, watu wakampigia takbiri. Aliporudi hakuketi. Akasimama mbele ya ukuta, ukutani lile umbo likapiga hatua ya kwanza ya ngoma ya mpiganaji, naye akaifuata, na alipomaliza ile ngoma umbo likaanza nyingine.

Hapo ndipo nyumba ilipoanza kukosa utulivu. Ilianza kwa harufu. Ukipita sebuleni ulisikia harufu ya poda ya mchele, mafuta ya nazi yaliyochacha na asumini iliyonyauka, harufu ya chumba cha kujipambia nyuma ya jukwaa, ndani ya nyumba ambayo hakuna aliyejipamba. Kisha ikawa hakuna awezaye kukaa. Suminah alikuwa akiketi kuchambua mchele anasimama, anazunguka ua, anarudi, anasimama tena. Wuryani kazini alikuta mguu wake unakanyaga pedali ya cherehani iliyozimwa. Hardjito alikula akitembea. Alisali, na kwenye kuketi mabega yake yaliendelea kuyumba. Usiku walimsikia akivuta nyayo sakafuni mpaka adhana ya alfajiri, na asubuhi Suminah alifuta damu kwenye vigae.

Alasiri moja Wuryani alirudi mapema. Alimkuta baba yake anacheza, shati limemshika mwilini kwa jasho, uso umenawiri kama wa kijana na macho yamezama ndani kabisa.

"Baba, pumzika kidogo."

Hardjito akatabasamu bila kuacha kucheza. Alipozungusha mwili na mdomo wake kupita karibu na sikio la binti yake, akanong'ona, "Nimechoka, mwanangu." Akazunguka tena. "Nimechoka mpaka kwenye mifupa." Akazunguka mara nyingine, machozi yanamtiririka juu ya lile tabasamu. "Lakini usizime."

Wuryani akazima. Akavuta plagi kutoka ukutani, akavua na waya wa kamera, akasimama na nyaya zote mkononi kama mtu aliyeng'oa mti na mizizi yake, na vibao havikusimama, viliendelea kugeuka vyenyewe, tak-tak-tak, vikainuka na kuinama bila umeme na bila jicho la kuviona, na umbo lile likamgeukia yeye, kwa maana kichwa kilichokuwa kimetazama upande sasa kilikuwa kipana na kimeelekea mbele, na harufu ya asumini ikamjaa kooni mpaka akataka kutapika, na nyuma yake jikoni akasikia mafuta yanachemka na mama yake anaita kwa sauti ndogo sana, sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala, "Wur, Wur, njoo unishike mkono," na alipogeuka alimwona Suminah amesimama mbele ya kikaangio cha tempe ya soya, kijiko kimeanguka chini, mkono wake wa kushoto unapanda juu peke yake, kiwiko kwanza, kiganja mwisho.

Akamshika mama yake kwa mikono miwili, akauteremsha ule mkono kwa nguvu. Ulikuwa wa baridi kama samaki.

Mbah Rubiyah aliletwa mchana wa siku iliyofuata, mvua ikinyesha. Alikuja na chupa ya maji aliyoyasomea Yasini, chumvi ya mawe na kanga nyeupe. Hakuwa na mzaha siku hiyo. Alinyunyiza chumvi mlangoni, akasoma Ayatul Kursi akiwa amekiweka kiganja juu ya vibao, na vibao vikatulia chini ya kiganja chake na kuendelea kulia kila mahali pengine.

"Wewe uliyemo," akasema. "Una kwenu. Kwa nini uko kwenye nyumba ya watu?"

Umbo likainua mikono, likapiga hatua, likainama, likakata hewa kwa kiganja. Mbah akatazama, hakuelewa. Aliyeelewa alikuwa Hardjito, kwa maana mwili wake na umbo la ukutani vilikuwa vikicheza jambo lilelile.

"Anasema nini, Pak Hardjito?" Mbah akamuuliza mzee kwa heshima.

"Anasema..." Mzee alihema. "Anasema alikaa chini ya jukwaa kabla babu yangu hajazaliwa. Kila aliyecheza pale alimchezea yeye. Sasa jukwaa limekatwa vipande. Hana pa kukaa. Anauliza akae wapi."

Wuryani akaitazama mikono yake. Msumeno ulikuwa wake.

"Mwambie ardhi ya Mungu ni pana," Mbah akasema. "Atoke kwenye mwili wako."

Umbo likacheza tena, safari hii kwa ufupi. Hardjito akageuza macho.

"Amesema nini?"

"Sikuona vizuri."

"Umeona," Suminah akasema. Alikuwa ameketi sakafuni, amekalia mikono yake yote miwili. "Hardjito, nimeishi na wewe miaka yangu yote. Umeona. Sema."

Mvua ilizidi. Mzee akazunguka mara moja, mara mbili.

"Anasema hakuingia bila kukaribishwa. Anasema nilimwita. Kila alasiri, kwenye kile kiti, nilimwita bila kufungua mdomo. Nilisema, yeyote anayesikia, anichukue nicheze tena, hata kama ni mara moja." Akazunguka tena. "Na ni kweli."

Mbah Rubiyah akaondoa kiganja ukutani. Aliketi, akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Basi mimi siwezi kitu," akasema kwa sauti ya chini. "Mgeni aliyekaribishwa hufukuzwa na mwenye nyumba. Mimi nitasoma, lakini neno la kutoka ni lake."

"Baba," Wuryani akasema. "Sema."

"Na nikisema?" Hardjito akageuza uso, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Jumapili tabasamu lilikuwa limeondoka. "Nirudi pale? Nikae nitazame mlango? Wewe una mikono miwili, Wur, usiniambie sema."

Kisha Suminah akainuka. Mikono yake ilipokuwa huru ikaanza kupanda, naye akaiacha ipande, akaenda hivyohivyo, mikono juu, mpaka akasimama kati ya mumewe na ukuta.

"Wewe ulikuwa mcheza ngoma nilipokuoa," akamwambia, "na sikukuona nyumbani. Ulikuwa wa watu. Nilikupata ulipokaa kwenye kile kiti. Nimekulisha, nimekuogesha, tumetukanana, tumecheka. Miaka hiyo ndiyo ndoa yangu. Huyu anayecheza hapa simjui, na ananinyang'anya mume wangu kwa mara ya pili." Mikono yake ilikuwa inazunguka juu ya kichwa kwa madaha ya kutisha. "Lakini kama unamtaka yeye, sawa. Endelea. Mimi nitacheza na wewe mpaka mmoja wetu afe, na nadhani nitakuwa mimi."

Hardjito alimtazama. Alitazama nyayo zake Suminah, ambazo zilikuwa zimeanza kusugua sakafu, kwa hatua zilezile alizowafundisha wanafunzi wake kwa fimbo. Akafumba macho.

"Toka," akasema.

Vibao vikalia vyote kwa pamoja, mlio mmoja mkubwa kama sanduku linalofungwa, vikalala bapa, na ukuta ukawa mbao tu. Mkono wa Hardjito ukaanguka. Mguu ukamfuata, na Wuryani akamdaka kabla kichwa hakijagonga vigae. Suminah aliketi palepale alipokuwa, akatazama viganja vyake, akavifumba na kuvifumbua.

Mbah Rubiyah alisema mbao zile zisichomwe, kwa sababu moshi hauzuiwi na mlango. Kesho yake Wuryani na mama yake walivijaza vibao kwenye magunia ya mchele, wakavipeleka kwa bajaji mpaka darajani, wakavimwaga mtoni. Mto Bengawan ulikuwa umejaa maji ya kahawia. Vibao vilizama, vikaibuka, vikachukuliwa kuelekea mashariki. Mama na binti waliviangalia mpaka vikapotea, wakarudi nyumbani wakanunua supu pale kona, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi waliinywa wakiwa wameketi.

Hardjito hakusema nao. Hakuwa na hasira. Alikula alicholishwa, aligeuzwa alipogeuzwa, na alipoulizwa kitu alitazama sebuleni kwenye ukuta mtupu wenye matundu ya misumari. Mbah aliukanda mkono wake kila wiki, akasema umerudi kuwa wa moto. Suminah alijaribu mizaha yake yote ya zamani, mmoja baada ya mwingine, na hakuna uliojibiwa. Hivyo mvua zikaisha, ukaingia ukame.

Ndipo mtu mmoja akaja na pikipiki. Alikuwa mchimba mchanga wa huko mto unakoteremkia, mwanamume wa makamo mwenye uso wa furaha, na mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki. Alibisha hodi, akakaribishwa sebuleni, akatoa kibao kimoja cha mtiki cheusi akakiweka mezani kwa adabu, juu ya kitambaa.

"Nimeulizia njiani mbao hizi ni za nani, nikaambiwa ni wewe, Mbak," akamwambia Wuryani. "Vilikwama kwenye mianzi yangu, nikaviokota gunia zima. Ukuta wa chumba cha mama yangu ulikuwa na nyufa, nikavipigilia pale kuziba upepo. Mama yangu, alivunjika nyonga, hajashuka kitandani tangu mwanangu wa kwanza azaliwe." Akacheka, macho yamemlengalenga. "Ameshuka! Anatwanga pilipili, anafagia ua, anazunguka kijiji. Hata usingizi hautaki tena. Nimekuja kushukuru. Na kama una vingine vilivyobaki, dada yangu naye ni kiwete."

Wuryani alirudi nyuma hatua moja. Kile kibao pale mezani kiligeuka, taratibu, kikainua uso wake kuelekea dirishani, na mgeni akakitazama kwa upendo kama mtu anayetazama mtoto aliyejifunza kusimama.

"Nipelekeni kwake," Hardjito akasema.

Wote wakageuka. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu ile siku ya mvua. Alikuwa ameshika gurudumu la kiti kwa mkono wake mmoja na amekwishaanza kulisukuma kuelekea mlangoni, kiti kinakwenda upande kwa kukosa mkono wa pili.

"Kumsaidia, Baba?" Wuryani akauliza. "Unataka kwenda kumwambia aseme lile neno?"

Hardjito aliendelea kusukuma.

Suminah alitoka jikoni akifuta mikono, akampita mgeni, akampita binti yake, akafika mlangoni kabla ya kile kiti. Akaufunga, akatia komeo, akasimama akiwa ameuegemea kwa mgongo wake, akimtazama mumewe usoni.